Mstari Usio na Sababu

Watu wote wa kazi ya vitabu walimwita Pambizo, na jina hilo alilipata kwa ubishi. Ukimpelekea mswada akupangie kurasa, kabla hujakaa vizuri atakuuliza unataka pambizo ya ndani iwe na upana gani, na ukijibu "wowote tu, mzee," basi umejitakia. Atakueleza habari za kidole gumba cha msomaji, kinavyohitaji mahali pa kushika bila kufunika maneno. Atakueleza jinsi mgongo wa kitabu unavyomeza herufi. Utatoka hapo umechelewa shughuli zako zote, na pambizo atakuwekea ileile aliyoitaka yeye tangu mwanzo.

Alifanyia kazi nyumbani, katika chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama uchochoro wa mafundi wa kuchomelea vyuma. Programu za kuburuta picha huku na huku kwa kipanya hakuzitaka hata kuzisikia. Yeye aliandika maandishi matupu pamoja na alama zake, kisha akabonyeza kitufe kimoja, na kompyuta ikajisomea alama, ikapanga sura, ikaweka namba za kurasa, ikaunda yaliyomo na kutoa kitabu. Yote hayo iliyafanya kwa kufuata faili moja dogo la mipangilio, ambalo mzee alilianza ujanani na kuliongeza mwaka hadi mwaka. Kompyuta ililisoma faili hilo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Humo mlikuwa na ukubwa wa karatasi, aina za herufi, upana wa pambizo zake mashuhuri, takataka za kufutwa kazi ikiisha, na mwisho kabisa mstari wa kuzituma kurasa zilizokamilika moja kwa moja kiwandani zikachapwe.

Na juu ya kila mstari aliandika sababu. Sababu ilianza na alama ya reli, ile #, ili mashine iiruke, maana haikuandikiwa mashine. "Usipunguze hapa, mwalimu wa hesabu nusura alie." "Herufi hii ina mkia mrefu, ipe nafasi kama mgeni mnene." "Njia nyingine zote nimejaribu. Usijitie ujuaji." Binti yake wa pekee, aliyejifunza kazi hiyo kwa kukaa kwenye kigoda pembeni ya kiti cha baba yake, alicheka na faili hilo utotoni kabla hajaelewa linafanya nini. Alipokua akawa na faili lake mwenyewe, fupi, lenye mistari mikavu. Baba yake alilitazama mara moja tu akamwambia kwamba mstari usio na sababu ni mtu aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi. Alimlazimisha kukaa chini na kuandika sababu zote, moja baada ya nyingine, na chakula cha mchana kikapoa mezani.

Mama alikuwa ameshafariki. Nyumbani walikuwa wawili tu, baba na binti, na ugonjwa ulipoingia hapakuwa na mtu wa tatu wa kumwuliza kama naye ameuona. Kwanza mzee alisahau majina ya wateja, na hilo si ajabu, hata akiwa mzima alikuwa hayajali. Kisha akaanza kuuliza kwa nini mama anachelewa kurudi sokoni. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba akili itaendelea kupungua, kwamba dawa ni za kuchelewesha tu, na kwamba kumbishia hakusaidii. Mzee alimsikiliza kwa makini, akamshukuru, na walipofika barabarani akauliza walikuwa wamekwenda kumwona nani.

Lakini kazi alifanya. Asubuhi aliketi mbele ya mashine yake, akaandika, akabonyeza, na kurasa zikaenda. Binti akajipa moyo, kama watu wanavyojipa moyo wakiwa hawana kingine cha kujipa.

Aliyemzindua ni Gundi. Huyu alikuwa mwenye kiwanda cha uchapaji, mtu mwembamba mwenye kucha zilizogandamana na gundi ya vitabu tangu ujana wake, na rafiki wa mzee toka wote wawili wakiwa hawana mbele wala nyuma. Binti alimwita baba mdogo, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba hawakuwa na undugu wa damu. Mchana mmoja Gundi alimwita binti kiwandani, akamfungulia kurasa za kitabu cha jiografia cha shule, akamsubiri aone.

Kwa mbali hakuona kitu. Kurasa zilikuwa nzuri. Pambizo zilinyooka, vichwa vya habari vilikaa mahali pake, namba zililingana na yaliyomo. Ndipo akasoma. Sura ya mito ilirudiwa mara tatu, kila mara kwa kichwa kipya. Katikati ya maelezo ya udongo wa mfinyanzi, baba yake alikuwa akimwuliza marehemu mkewe kama amefunga mlango wa uani. Faili halikujali. Sentensi hiyo liliipanga kwa heshima ileile linayowapa maprofesa, likaipa nafasi juu na chini, na lilipofika mwisho wa mstari likakata neno panapostahili kukatwa.

Gundi alisema kitabu kilibaki kidogo tu kiingie mtamboni. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kikombe cha chai, macho yakaangukia ukurasa ule. Ingekuwa mtu mwingine, alisema, angemwambia basi, inatosha, kapumzike. Lakini wote wawili walikumbuka yaliyotokea mwaka uliopita, wachapishaji fulani walipompokonya mzee kazi moja kwa barua ya adabu nyingi. Alilala akitazama ukuta, akakataa chakula mpaka mashavu yakabonyea, na walimrudisha kwa kumbembeleza kama mtoto na kwa mswada mwingine. Safari hii mswada mwingine ungekuwa wa nini?

Aliyelipata wazo ni binti mwenyewe, na hilo hakulisahau baadaye hata alipotamani kulisahau. Mstari wa mwisho wa faili ungebadilishwa. Badala ya kwenda kiwandani, kurasa za mzee zingeishia kwenye folda iliyojificha ndani ya mashine yake mwenyewe. Mzee angebonyeza, angeona "imetumwa", angefurahi. Vitabu vyenyewe angevipanga yeye, kwenye chumba cha nyuma, kwa miswada hiyohiyo.

"Umfungie mlango kwa ufunguo wake mwenyewe?" Gundi aliuliza.

Binti akamwuliza kama ana njia bora. Gundi alikwangua gundi kwenye ukucha wa kidole gumba kwa muda mrefu, akakubali kwamba hana.

Aliifanya kazi hiyo baba yake akiwa bafuni anaoga na kuimba. Mstari haukumchukua muda. Kilichomchelewesha ni ile nafasi tupu juu yake, mahali pa sababu. Aliweka alama ya reli, vidole vikabaki hewani. Aandike nini? Kwamba baba hawezi tena? Uongo ungeweza kuandikika, tena uongo wa kuchekesha wa mtindo wa mzee, na ungepita bila shaka yoyote. Alishindwa. Aliona kumdanganya kwa mstari ni dhambi ya kutosha, na kumdanganya kwa sauti yake mwenyewe ni kitu kingine kabisa. Akaifuta alama, akauacha mstari uchi, akajiambia kwamba mzee wa sasa hafungui tena faili lile.

Ikawa heri kwa muda. Mzee alifanya kazi kwa raha kuliko miaka yote, maana hakukuwa tena na mteja wa kulalamika. Kila Jumamosi alasiri Gundi alikuja kucheza naye karata, kama alivyokuwa akija tangu zamani, akasifia kitabu hiki na kile, akamvika mwenzake kilemba cha ukoka mpaka yeye mwenyewe akakosa hamu ya chai. Mlangoni, akiaga, alikwepa macho ya binti. Wote wawili walijua wanachokifanya na kila mmoja alimtegemea mwenzake asikitaje.

Kisha ikaja asubuhi nzuri. Ugonjwa ule una ukatili wake, na mmoja ni huu wa kumrudisha mtu siku moja akiwa mzima kabisa, anakumbuka mpaka rangi ya viatu alivyoolea, halafu kumchukua tena. Binti aliingia na chai akamkuta baba yake amevaa miwani, mgongo umenyooka, faili la mipangilio limefunguka mbele yake.

"Mama," alimwita, kama alivyomwita tangu utotoni, "njoo usome hapa."

Binti alisogea. Hakuhitaji kusoma.

"Mstari huu hauna sababu," mzee alisema. "Na mimi siandiki mstari bila sababu. Huu si wangu."

Alimweleza kila kitu, pole pole, kama mwalimu. Alikuwa ameufuata mstari huo mpaka kwenye folda, akazikuta humo kurasa zake zote, kazi ya miezi, hakuna hata moja iliyotoka nyumbani. Kuna mtu alikuwa amemziba mdomo. Mashine hiyo, alisema, inajulikana na watu watatu tu, na mmoja ni yeye.

"Wewe ni mwanangu," alisema. "Kwa hiyo ni Gundi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Binti alipajua wakati uleule, alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Baba yake alikuwa amemtoa kwenye orodha ya wezi kwa sentensi moja, bila hata kumtazama usoni, na yeye akaipokea sentensi hiyo na kunyamaza nayo. Alijiambia atasema akishakaa. Kisha akajiambia atasema mzee akishakunywa chai. Mzee akamaliza chai, na hakuna kilichosemwa.

Jumamosi Gundi alikuja na karata zake mfukoni. Mzee alikuwa amekaa tayari, na siku hiyo nayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa nzuri. Hakumpa kiti. Alimwonyesha mstari kwenye kioo cha kompyuta akamwuliza ni nani aliyeuandika, na tangu lini anampa mtu mwingine vitabu vyake. Gundi alitazama kioo, kisha akamtazama binti aliyesimama mlangoni. Binti akaangalia sakafu.

"Ni mimi," Gundi alisema. "Nisamehe, Pambizo."

Mzee hakupaza sauti. Alisema walikula sahani moja wakiwa na njaa, na kwamba angemwambia kazi yake imeharibika wangegombana wakapatana, lakini huku kumwacha aandike kwa ajili ya folda, kumfanya zuzu ndani ya nyumba yake, hilo hakulijua linasamehewaje. Akamwomba atoke. Gundi akaziweka karata mezani, akatoka.

Siku ileile jioni binti alipiga moyo konde akasema kweli. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake akamweleza yote, jiografia, mlango wa uani, wazo lake, mkono wake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulifanya kitu ambacho binti hakuwahi kukiona hata siku ya mazishi ya mama. Akauliza, "Wewe?" Akauliza tena, sauti ikiwa chini zaidi, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Kulipokucha alitoka akamkuta binti jikoni, macho yamemvimba. Akamwambia asilie, kwa kuwa wezi wako kila mahali, na huyo Gundi malipo yake atayakuta mbele. Ungamo lilikuwa limefutika usiku. Hasira ilikuwa imebaki, na ilikuwa imerudi kwa mwenyewe wa kwanza.

Akamwambia tena. Mzee akasikia kwa mara ya kwanza, kwa uso uleule. "Wewe?" Asubuhi iliyofuata alikuwa amesahau tena, na Gundi alikuwa mwizi tena. Siku ya tatu binti alifungua mdomo, akauona uso wa baba yake ukijiandaa kusikiliza, akakosa nguvu. Akasema alitaka kumwuliza kama anywe uji. Watu watasema angejikaza. Waseme. Wao hawakuuona uso ule.

Kitu kimoja mzee hakukisahau: mstari. Alisimama nyuma ya kiti cha binti akamsimamia aufute na kuurudisha wa zamani pamoja na sababu yake. Kwa hiyo kurasa zikaanza tena kwenda kiwandani kwelikweli, na aliyezipokea alikuwa Gundi. Kila alasiri zilimfikia kurasa mbili, tatu, zenye pambizo zisizo na dosari, na ndani yake maneno yaliyozidi kupungua. Vitabu vya kuchapwa alivichukua kwa binti. Za mzee alizisoma. Alimwambia binti kwamba anazisoma zote, na kwamba mahali pengine huelewa. Kisha humjibu mzee kwa maneno machache, kwa jina la kiwanda tu, maana lake asingeweza kuliweka: "Tumepokea. Kazi safi. Ahsante sana."

Binti alipopita kiwandani Gundi alimwuliza kama mzee amemtaja. Alimjibu bado. Mvua zikaja zikaisha. Siku moja mzee aliinua macho kwenye majibu yale akasema kiwandani sasa kuna mtu mpya, mtu mwenye adabu, anayejua kumshukuru fundi. Alimwagiza binti amkaribishe Jumamosi aje wacheze karata, maana siku hizi alasiri ni ndefu na hana mtu.

Binti alimpelekea Gundi salamu hizo akiwa hajui anampa zawadi au anampiga kofi. Alichoogopa si kutukanwa, Gundi alisema. Alichoogopa ni kwamba Pambizo akimtambua mlangoni atafukuzwa mara ya pili, na ya pili hataiweza. Lakini Jumamosi alikuja. Alikuwa amevaa shati jipya na amekwangua kucha zake zote mpaka zikawa nyekundu.

Mzee alimtazama. Binti aliyekuwa nyuma ya mgeni aliomba, na hata yeye hakujua anaomba lipi.

"Karibu, bwana," mzee alisema. "Karibu kiti. Ndiye wewe wa kiwandani?"

"Ndiye mimi," Gundi alisema.

Walicheza. Kwa mikono mzee alikumbuka karata vizuri kuliko alivyokumbuka kitu kingine chochote. Alimwita mwenzake bwana, akamwuliza kwao ni wapi, ana watoto wangapi, na Gundi akajibu kila swali kama mtu anayejibu kwa mara ya kwanza. Binti alikuwa jikoni, mlango wazi, akisikia yote. Baada ya chai mzee alishusha sauti akamwonya mgeni ajihadhari na mtu mmoja aitwaye Gundi, kama bado yuko pale. Akamsimulia. Alianza mbali, ujanani, akataja ulevi wa siku moja, ahadi fulani iliyovunjwa, msichana fulani aliyelizwa. Akafika kwenye mstari.

"Alinifungia mlango wa kazi yangu," alisema. "Sababu hakuandika. Angeandika sababu, ningemsamehe."

Jikoni binti alishika ukingo wa meza. Hatua chache tu zilimtenga na chumba kile, na safari hii walikuwepo wote wawili wa kumsikia.

"Mtu mbaya sana huyo," Gundi alisema, akagawa karata.

Jua lilipopungua binti alimsindikiza mgeni mpaka mwisho wa uchochoro, mafundi wa vyuma wakikusanya vifaa vyao. Gundi alitembea amefunga mikono nyuma. Alisema mzee amepungua mwili na inafaa apewe maziwa. Kisha akasimama.

"Kanisimulia mabaya yangu yote, toka ujana," alisema. "Yote ni kweli, mwanangu. Hakunisingizia hata moja, ila lile."

Hakulisema kwa kulaumu, na ndiyo maana lilimchoma binti. Gundi akamwuliza kama wiki ijayo aje, binti akamwambia aje, na akamsihi akifika asisahau kubisha hodi kama mgeni.